Maswali ya Bustani: Miche Inayolelewa Ndani

SWALI: Nilisia nyanya kwenye trei sebuleni. Ziliota vizuri, lakini wiki moja baadaye miche imerefuka mno, na mingine imelala chini. Nipulize dawa gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usinunue dawa kwanza. Inama utazame shina pale linapotokea kwenye udongo.

Likiwa jembamba na limepauka lakini ni zima, mche umekosa mwanga. Kwa mche, mita moja kutoka dirishani ni giza, hata kama wewe unasoma gazeti hapo bila taa. Sogeza trei hadi kwenye kioo, kisha uizoeshe jua la nje: muda wa saa moja tu asubuhi siku ya kwanza, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ukiitoa ghafla, majani yataungua. Nyanya ndefu haijapotea. Wakati wa kupandikiza, fukia shina hadi karibu na majani ya chini, nalo litatoa mizizi.

Shina likiwa limenywea na kugeuka kahawia usawa wa udongo, kama lililokazwa uzi, hicho ni kinyausi. Kinaletwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu na msongamano. Mche uliolala hauinuki tena: ung'oe pamoja na udongo wake, punguza iliyosongamana, na usimwagilie mpaka juu pakauke. Safari ijayo changanya udongo mafungu 2, mboji iliyoiva 1 na mchanga 1, umwagie maji yanayochemka, uache upoe na uchuje maji kabla ya kusia. Samadi mbichi kaa nayo mbali. Miche ipe maji kwa chini: weka trei yenye matundu kwenye beseni la maji ya kina cha sentimita 2, uitoe baada ya dakika 20.

SWALI: Ni Juni, na hoho zangu hazijaota wiki ya pili sasa. Mbegu ni mbovu? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Huenda ni baridi tu. Hoho hutaka udongo wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya 15 mbegu hukaa tu, na zikilowa sana huoza. Funika chombo kwa nailoni, ukiweke rafu ya juu jikoni. Giza halizidhuru mbegu mpaka zichomoze. Hapo ondoa nailoni siku hiyo hiyo, upeleke dirisha la kaskazini, maana msimu huu jua liko upande huo. Nyanya huhamishwa wiki ya 3 au ya 4 tangu kuota. Hoho zipe wiki 6 hadi 8.

SWALI: Nilifukia mbegu za maua ya petunia sentimita moja, hakuna kitu. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Zilifukiwa mno, zinahitaji mwanga ili ziote. Changanya na kijiko cha mchanga mkavu, tawanya juu ya udongo uliolowa, gandamiza kwa kiganja na ufunike kwa nailoni angavu. Mbegu za maua ya zinia ndizo za kufukia, nusu sentimita hadi moja, lakini hizo zisie bustanini moja kwa moja: hazipendi kuguswa mizizi.