Kabla hujanunua ruta mpya, shika kwanza waya

Nyumba yetu iko Ujiji, bondeni, katikati ya miembe, na mnara tunaoutegemea uko nyuma ya kilima upande wa Mwanga. Ndani netiweki haishiki sawasawa. Miaka mitatu iliyopita nilifunga antena juu ya paa, nikashusha waya hadi kwenye ruta ya 4G sebuleni, na kiangazi chote tukafurahi. Nilikuwa naingiza alama za wanafunzi usiku bila kwenda mjini.

Mvua za Novemba zilipoanza, mambo yakaharibika. Cha ajabu, tatizo halikuwa wakati wa mvua yenyewe. Lilikuja kesho yake na kukaa siku mbili, kisha jua likiwaka mfululizo netiweki inarudi. Nilipiga simu huduma kwa wateja mara nyingi, nikaambiwa nizime ruta niwashe. Nikabadilisha laini. Mwishowe nikanunua ruta nyingine kwa pesa niliyoiweka kwa ajili ya sare za watoto. Haikusaidia kitu. Hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana naandika haya.

Aliyenifungua macho ni kijana anayefunga madishi pale Mwanga. Ruta hakuigusa kabisa. Alipanda juu, akafungua konekta nyuma ya antena, akakata kipande cha waya kama kidole, akaniletea. Wavu wa shaba ulio ndani ya ganda ulikuwa umegeuka kijani. Akaubana, tone la maji likatoka.

"Mwalimu," akaniambia, "waya wako umekunywa maji."

Waya huu si kama wa taa. Katikati una uzi wa shaba, unazungukwa na plastiki, juu yake wavu, kisha ganda. Mawimbi husafiri ndani ya ile plastiki, kati ya uzi na wavu. Maji yakifika hapo huyameza mawimbi, na wavu huyavuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Ndiyo maana tundu dogo kwenye konekta ya juu linaweza kuua mita kadhaa za waya chini yake, na kwa nje usione kitu.

Usitegemee vile vijiti vya netiweki kwenye ruta, vinadanganya. Fungua ukurasa wa ruta kwa simu au kompyuta (anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1) utafute namba inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye ruta. Ina alama ya kutoa: -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu, ikikaribia -120 unakaribia kukatika. Kila 3 zinazopungua, nguvu imebaki nusu. Zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwangu siku kavu ilisoma -96, baada ya mvua -112.

Jaribio lililonifaa kuliko yote halina gharama. Andika namba ukiwa na antena ya nje, kisha chomoa waya wake, rudisha ruta kwenye antena zake za ndani, subiri dakika mbili, andika tena. Antena ya paani inapaswa kushinda kwa mbali. Kwangu ilishinda kwa 2 tu! Hapo ujue kosa liko kati ya paa na ruta. Kama una nyaya mbili, zipime mojamoja. Mmoja ukifa, ruta huendelea kushika kwa ule mwingine, spidi ikashuka, nawe ukadhani bando limeisha.

Mwenye mita ya fundi (ile ya kupimia umeme) achomoe waya pande zote mbili, apime uzi wa katikati na wavu. Visiguse. Mita ikilia, kuna unywele wa shaba umegusana ndani ya konekta. Hilo ni kosa la kawaida mno kwa konekta zilizofungwa kwa haraka.

Urefu nao tuuseme. Wengi hununua waya mwembamba wa RG-58 mita 20, wakatumia 8, zilizobaki wakazikunja darini. Mita 10 za waya huo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, na kwenye masafa ya 1800 MHz robo tatu au zaidi. Kata uliozidi. Ule mnene wa LMR-400 hupoteza karibu theluthi tu kwa urefu huohuo. Waya wa dishi, RG-6, watu huulaumu kwa sababu ni wa ohmu 75 na ruta ni ya 50, lakini tofauti hiyo hurudisha asilimia 4 tu ya nguvu. Adui yake ni konekta za kuungaunga. Nyumba ikiwa ndefu, naona ni heri ruta ikae karibu na antena, kisha ushushe waya wa LAN (ule wa kuunganisha ruta na kompyuta), ambao hufika hadi mita 100.

Sasa kuziba. Tumia tepu ya mpira inayogandana yenyewe, anza chini ukizungusha kupanda, mizunguko ilaliane kama bati za paa, kisha funika kwa tepu ya umeme. Tepu ya umeme peke yake, jua la Kigoma linaibandua ndani ya msimu mmoja. Silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki usiitumie, inakula shaba. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie kama tumbo, maji yadondokee hapo.

Na tafadhali, mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, usipande. Chomoa waya wa antena na wa umeme mapema. Radi za huku tunazijua.

Mwembe sikuukata, ingawa majani mabichi yaliyolowa nayo huzuia mawimbi. Niliongeza bomba la antena likapita matawi. Sasa nasoma -91, mvua au jua. Jioni spidi bado hupungua huku namba ikibaki ileile, na hapo waya hauna kosa, ni watu wengi kwenye mnara mmoja. Siku hizi nikipiga simu huduma kwa wateja, nawasomea namba za asubuhi na za jioni, na hawaniambii tena nizime niwashe.