Usimwache mbwa mzee alale tu

Simba wetu ametimiza miaka 12. Ni chotara wa German Shepherd, aina inayojulikana kwa matatizo ya nyonga. Mwaka jana, baridi ya Julai ilipoingia hapa Arusha, nikaanza kumwona akinyanyuka kwa shida asubuhi: miguu ya mbele kwanza, anatulia, ndipo anaivuta ya nyuma. Nikamwonea huruma, nikamwacha alale barazani. Nilikosea sana. Baada ya wiki chache mapaja yake yalikuwa yamenywea, ukipapasa unakutana na mfupa.

Daktari wa mifugo alisema ni baridi yabisi. Akanieleza kuwa misuli ndiyo inayosaidia kiungo kibovu kubeba mwili. Mbwa asipotembea misuli inakwisha, na mzigo wote unabaki kwenye kiungo. Dawa alimpa, lakini alisisitiza nimtoe kidogo kidogo, mara nyingi.

Tulianza na dakika 5 asubuhi na jioni. Sasa tunafika 15, mara tatu kwa siku. Zamani nilikuwa namsubirisha hadi Jumapili, tunakwenda mbali, Jumatatu hainuki. Kipimo changu siku hizi ni kesho yake: akiamka amekakamaa kuliko jana, napunguza.

Tunapita njia ya udongo. Kama kwenu ni lami na jua limeshapanda, iwekee mgongo wa kiganja na uhesabu hadi 7. Usipoweza kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua. Na tafadhali, mwache anuse. Nilikuwa namvuta kamba ili twende. Sasa akisimama kwenye shina la mgrivea nami nasimama, pua inazunguka shina zima, masikio yanainuka, mkia unaanza kucheza. Kwake hayo nayo ni mazoezi, ya kichwa.

Ndani, vigae vilikuwa vinamtelezesha, nikatandika vipande vya zulia kuukuu kutoka anapolala hadi mlangoni. Kucha zikatwe. Ugali nimempunguzia, maana kila kilo ya ziada inabebwa na nyonga zilezile. Ukimpapasa ubavuni uzihisi mbavu bila kubonyeza. Na nakusihi, usimpe paracetamol wala ibuprofen za nyumbani. Zinaweza kumuua.

Ikikaribia saa 11 jioni sasa huja mwenyewe kusimama getini. Nikichelewa, ananisukuma goti kwa pua.