Rafiki amenipa hadithi yake niisome: nimwambie nini?

SWALI: Rafiki yangu ameandika hadithi fupi ya maneno kama 3,000 na ananiomba maoni ya kweli. Kuna mahali imenichosha ila siwezi kusema kasoro ni nini. Mimi si mwandishi. Nianzie wapi bila kumvunja moyo?

JIBU: Muulize kwanza hiyo ni rasimu ya ngapi na anataka umwangalilie nini. Mwenye rasimu ya kwanza bado anaitafuta hadithi yenyewe; ukimhesabia koma zilizokosewa unampotezea muda, kwani aya hizo huenda akazifuta kesho. Anayeituma shindanoni keshokutwa naye hana nafasi ya kubadilisha mhusika mkuu.

Isome mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, kwa mkao mmoja. Mara ya pili shika penseli, utie alama tu pembeni: vema palipokuvuta, alama ya kuuliza ulipopotea, mstari wa wimbi ulipochoka. Usisahihishe chochote. Huko kuchoka kwako ndiko anakokuhitajia, maana yeye hawezi tena kuisoma hadithi yake kwa macho mageni.

Sasa tahadhari: wimbi linaonyesha panapouma, si lazima penye ugonjwa. Tuseme umechoka ukurasa wa sita, mhusika anapouza cherehani ya marehemu mama yake. Tukio limeandikwa vizuri, machozi yapo, lakini wewe hukuguswa. Rudi nyuma uitafute hiyo cherehani. Ikiwa inatajwa kwa mara ya kwanza hapo hapo inapouzwa, basi ukurasa wa sita hauna kosa. Kinachokosekana ni sentensi mbili za mwanzoni: binti akiitia mafuta kila Jumamosi ingawa hajui kushona. Kwa hiyo kwenye kila wimbi jiulize: mhusika anataka nini, na akikikosa atapoteza nini? Ukiwa hujui, umeshapata la kumwambia.

Alama za kuuliza mara nyingi hutokana na msimulizi kuhama. Tuseme hadithi inamfuata Salma, tunajua anayoyajua yeye tu, mara tunasoma: “Daktari alimtazama, akawaza namna ya kumpa habari ile.” Tumeingia kichwani mwa daktari, na taharuki imevuja kabla hajafungua mdomo. Angalia na nyakati za vitenzi: “Alifungua mlango, akamkuta kaka yake amelala. Anavuta kiti, anaketi.” Huenda rafiki yako amekusudia, kwa hiyo uliza kabla ya kuhukumu.

Unapoandika maoni, taja mahali, kilichokupata, na sababu unayoidhania. “Ukurasa wa nne unachanganya” haumpi pa kushika. Afadhali: “Ukurasa wa nne, Salma alipoingia chumbani, nilidhani bado ni jioni ile ile, aya mbili mbele ndipo nikajua siku tatu zimepita.” Dawa mwachie mwenyewe. Ukimwandikia aya upya utampa sauti yako, na ataikubali kwa adabu tu.

Sifa nazo zitaje kwa mahali. “Nzuri sana” haimwambii asiguse wapi, na wakati wa kupunguza anaweza kukata sehemu ile ile iliyokuwa inabeba hadithi.

Chagua mambo makubwa matatu, hata kama una kumi na tano. Mpe kwa maandishi, kisha mzungumze baada ya siku moja au mbili, hasira ya kwanza ikishapoa (hata wanaoomba ukweli huwa nayo). Akianza kujieleza, “pale nilimaanisha kwamba…”, usibishane. Msikilize, kisha muulize: hayo unayoniambia yako ukurasa gani? Mara nyingi hayapo, na maelezo hayo ya mdomo ndiyo aliyosahau kuyaandika.

Tahajia na uakifishaji viache hadi rasimu ya mwisho.