Kamati ya mji wa kale imekukatalia bango? Soma hii kabla hujaanza kugombana nao

Juzi kuna dada kaniandikia inboksi, ujumbe mrefu mpaka ikabidi nikae chini kuusoma. Anafungua duka la vitabu kwenye jengo la zamani katikati kabisa ya mji wa kihistoria, kodi ya pango keshalipa, ndani keshapaka rangi, bango lenyewe, boksi la taa ndani, limeshatengenezwa liko stoo limeviringishwa nailoni, na kamati ya usanifu imelikataa. Barua aliyopewa ina mstari mmoja tu wa maana, kwamba bango haliendani na mazingira ya eneo la uhifadhi. Basi, na sahihi chini. Anauliza, "Kaka, hawa watu wanataka nini hasa? Si waseme tu hawataki tufanye biashara?"

Dada nimekusikia, na kwa sababu najua wengi mnaonisoma hapa mko kwenye boti moja na yeye, mnataka jina likae juu, lionekane toka mwanzo wa mtaa, mpita njia asipate nafasi ya kusingizia hakuliona, nimeona nijibu hapa hapa tusome wote.

Kwa wageni: mimi kazi yangu ni mabango. Nachora, nakata, nachomelea, napanda ngazi mwenyewe kufunga, na kwa miaka yote hii nimesimama mbele ya hizi kamati mara nyingi kuliko mawakili wengi. Kwa hiyo nikiongea hili jambo siongei la kuhadithiwa.

Ngoja niwape kisa kimoja. Mteja wangu alikuwa anafungua duka la dawa, jengo la ghorofa mbili, la mawe, kwenye mtaa ambao hata ukibadilisha rangi ya mlango inabidi uombe. Akataka boksi la akriliki, ile plastiki ngumu, lenye taa ndani, herufi nyekundu nene, lichukue upana wote wa jengo toka kona hadi kona. Nikamchorea. Na mchoro ulikuwa mzuri, hilo mpaka leo sirudi nyuma. Tukaingia kwenye kikao, wajumbe wamekaa mbele, wananchi nyuma, kuna mzee mmoja mjumbe, msanifu mstaafu, akaiokota karatasi yangu kwa vidole viwili, akaitazama kidogo, akasema hii ipelekwe stendi ya mabasi. Ukumbi mzima ukacheka. Na mteja wangu naye akacheka! Mtu niliyekesha kwa ajili yake. Mzee yule bado ni mjumbe, tunakutana, tunasalimiana vizuri tu, shikamoo marahaba, lakini moyoni namjua mwenyewe.

Sasa kilichonifungua macho hakikutokea ukumbini. Tulipotoka, afisa mmoja kijana wa ile ofisi ya uhifadhi akaniita, akasema fundi njoo twende kwenye jengo lenyewe. Tukasimama chini ya ukuta. Juu ya mlango kulikuwa na mkanda wa mawe yaliyochongwa majani na maua, umepakwa rangi juu ya rangi mpaka maua yamevimba huwezi kujua petali iko wapi. Mpangaji wa zamani alikuwa kafunga bango lake pale pale kwenye mkanda, akaondoka, boliti za chuma zikabaki ndani. Boliti moja ilikuwa imeshika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo ilikuwa inasukuma jiwe toka ndani, taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka jiwe limepasuka ufa wa kuingia kucha. Kijana akanisogezea ngazi nikapanda. Nikagusa pale, kipande cha ua kikanibakia mkononi. Akaniuliza kwa upole, boksi lako lina boliti ngapi, na zinakaa wapi? Nikatazama mchoro wangu, zote zilikuwa kwenye maua.

Hapo ndo nikaelewa wanachosoma wale watu. Wewe unaangalia bango, wao wanaangalia ukuta utakaobaki bango likishuka. Biashara yako kwao ni mpangaji, leo dawa kesho viatu, ila jengo lipo na litakuwepo.

Miezi iliyofuata siwachoshi nayo, ni karatasi na kusubiri. Tulichokuja kufunga ni herufi za mbao, moja moja, rangi ya kijani iliyoiva, zimekaa kwenye ubao bapa ulio chini ya ule mkanda, yaani pale pale ambapo waliojenga walikusudia jina la duka likae, halafu taa mbili ndogo zinamulika kutoka juu, na pembeni kibao kidogo cha kuning'inia chenye umbo la kinu na mchi, alama ya wauza dawa tangu enzi. Kikao kikapitisha bila swali. Na baadaye walipotoa kitabu chao cha mwongozo, picha ya bango langu iko ndani, kwenye ukurasa wa mifano mizuri. Sitaji ni mji gani, waliofika wanalijua. Jina la fundi hawakuandika, lakini haidhuru.

Kwa hiyo dada, tuje kwako. Kitu cha kwanza, usitume tena mchoro wa bango peke yake. Nakwambia hiki kitu nusu ya mabango yanakataliwa hapa. Mtu anapeleka logo kwenye karatasi nyeupe, inapendeza kweli, lakini mjumbe anatakiwa aote kichwani itakaaje ukutani, na mjumbe akianza kuota ataota vibaya. Piga picha jengo zima kutoka ng'ambo ya barabara, pamoja na majirani wa kushoto na kulia, kisha weka bango lako juu ya hiyo picha kwa vipimo vya kweli. Mchana, halafu usiku taa zikiwa zimewaka. Onyesha boliti zinaingia wapi. Kama ukuta ni wa tofali toboa kwenye kiungo kati ya tofali na tofali, sio kwenye tofali, maana kiungo kinazibika kwa chokaa siku ukihama lakini tofali la zamani likitobolewa limetobolewa. Na tumia chuma kisichoshika kutu, jamani, hata kama ni ghali.

Cha pili ni taa. Boksi la taa ndani, sahau. Sehemu nyingi za uhifadhi hawalitaki kabisa na sababu ukiifikiria ni ya haki, usiku jengo linapotea unabaki mstatili unaowaka hewani. Weka taa ya kumulika kwa nje, ya njano njano, Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 au 3000 hivi, isiwe ile nyeupe ya hospitali. Mwenye boksi tayari, kama dada hapa, usilitupe, mara nyingi zile herufi zinakatwa zikafungwa upya bila boksi, mwambie fundi wako. Akikataa huyo fundi ni mvivu.

Halafu kuna watu wanasema haya mambo yanaua biashara. Mimi nawauliza, McDonald's, wale wauza baga wa Marekani, wamekufa? Nendeni Sedona kule Arizona, Marekani, mji uliozungukwa na miamba myekundu. Wakubwa wa mji walikataa ile M ya njano kwamba inagombana na miamba, mwaka 1993 duka likafunguliwa na M ya rangi ya feruzi, na leo watu wanasafiri kwenda kupiga nayo picha! Matangazo ya bure. Salzburg, Austria, kwenye mtaa wa Getreidegasse wenye vibao vya chuma vilivyofuliwa vya kuning'inia, hao hao wamefunga kibao cha chuma chenye mapambo kama majirani zao. Kyoto mwaka 2007 walipiga marufuku mabango juu ya mapaa na taa za kuwakawaka, mji mzima siyo mitaa ya mahekalu tu, wakawapa wenye mabango miaka ya kujipanga, na Kyoto bado ni mji wa biashara. Sao Paulo mwaka huo huo wa 2007 waliondoa karibu matangazo yote ya nje, na mabango yaliposhuka watu wakaanza kuona sura za majengo waliyokuwa wanapita chini yake kila siku bila kujua yakoje.

Sasa kampuni yenye mawakili dunia nzima imekubali kubadilisha rangi ya alama yake, wewe wa duka moja unagoma kwa ajili ya fonti? Tuwe wakweli kidogo.

Tena hili siyo jambo jipya la kuletewa na vijana wa majuzi. Charleston kule Marekani walipitisha sheria ya eneo la kihistoria na bodi ya kukagua usanifu mwaka 1931. Huku kwetu Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia urithi wa dunia mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo zinapumua, na fundi akija na saruji yake na rangi za plastiki anaziba unyevu ndani mpaka ukuta unaanza kubanduka wenyewe. Ndo maana hata ukisema "nataka kupaka tu rangi" wanakuuliza rangi gani. Usikasirike. Jibu.

Na kama unadhani kufunga kibao ni jambo dogo, London mwaka 1718 bango moja zito la kuning'inia lilivuta ukuta wa mbele wa nyumba likaangusha, watu wanne wakafa. Bango lina uzito, lina upepo, mimi nikiwa juu ya ngazi nalikumbuka hilo.

Cha tatu, na hapa naongea kama mtu aliyeumizwa: ile barua ya mstari mmoja usiikubali. Wajumbe nao ni binadamu, wengine wanakataa kwa sababu hawapendi nyekundu, wengine kwa sababu hawapendi sura yako. Andika barua kwa adabu, omba wakutajie kifungu kipi cha sheria ndogo au cha mwongozo bango lako limekivunja, na omba kumbukumbu za kikao. Kitabu cha mwongozo kisome wewe mwenyewe, usimwachie mtu akusomee, kwa sababu ndani mmechanganyika mambo ya lazima na mambo ya kushauri tu, na mjumbe mwenye gubu atakusomea la kushauri kwa sauti ya lazima. Lile la stendi ya mabasi halipo kwenye kitabu chochote, nilikitafuta. Kama hawana kifungu, una haki ya kukata rufaa, lakini angalia siku za rufaa maana huwa chache na zikipita zimepita.

Ila kabla ya rufaa nenda kamuone afisa. Nasema tena, kamuone afisa, yule anayekaa ofisini kila siku, sio wajumbe wanaokuja siku ya kikao. Mpigie, mwombe mkutane kwenye jengo, mpe nafasi akuonyeshe ukuta. Sehemu nyingi mambo madogo kama kubadilisha maandishi kwenye kibao kilichopo afisa anayamaliza mwenyewe mezani, hayafiki hata kwenye kikao. Watu hawajui, wanapeleka kila kitu kikaoni halafu wanalalamika kuchelewa.

Kuna msemo wa vijana wa siku hizi, funga kwanza utaomba baadaye. Wanakuja na kreni Jumamosi usiku, Jumatatu ofisi ikifunguliwa bango linawaka. Ndugu zangu, acheni. Mimi namjua mmoja alifanya hivyo, tena alinicheka kwanza, akaniambia wewe na vikao vyako utazeeka hapo. Akafungiwa, akapigwa faini, akaamriwa ashushe kwa gharama zake na azibe matundu kwa chokaa na fundi aliyethibitishwa, mtaa wote unaangalia. Na ombi lake jipya likawa linaanza na doa, kila mjumbe anamkumbuka. Akanipigia simu usiku, sauti imepoa, "Bro, naomba unisaidie lile la mbao kama la duka la dawa."

Nikamwambia atume picha ya jengo zima, toka ng'ambo ya barabara, pamoja na majirani. Na wewe dada nitumie hivyo hivyo, pamoja na ile barua, nitaangalia wikiendi.