Laptopu iliyomwagikiwa chai: iuze na ubovu wake, usiipige moto

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nipo Newala. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3, ilimwagikiwa chai ya maziwa mwezi uliopita. Ukichomeka chaja taa inawaka na feni inazunguka kidogo, ila kioo ni cheusi. Niliifukia kwenye mchele siku tatu, wapi. Fundi mmoja anataka elfu 40 aipige moto iwake, niipige picha ikiwa inaonyesha, halafu niiweke kwenye mnada wa mtandaoni kama nzima. Kaka yangu anasema niivunje niuze spea moja moja. Nifuate lipi, na nitangaze vipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tuanze na huo moto, maana umeua mazabodi (ubao mkuu wa laptopu) nyingi ambazo chai ilikuwa imeziacha hai.

Kupiga moto ni kuelekeza bloa (kifaa cha kupuliza hewa ya moto) kwenye chipu kubwa mpaka lehemu iliyo chini yake ilainike, kwa matumaini kwamba pale palipoachia patashika tena. Lehemu isiyo na madini ya risasi, inayotumika kwenye laptopu za miaka hii, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi. Fundi wa kweli anayeshughulika na chipu huupasha ubao mzima kutoka chini kwanza, ana kipimajoto kinachogusa ubao, na anapandisha joto taratibu. Fundi wa elfu 40 anaweka bloa kwenye 350 au 400, anahesabu kichwani, anaondoa. Upande mmoja wa ubao umetanuka, mwingine wa baridi. Ubao unajikunja, soketi za plastiki zinalegea, na vikapasita (vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme) vya pembeni vinahama mahali pake.

Mazoea haya yana asili yake. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za picha za laptopu zilizokuwa zikifa kwa wingi. Mafundi dunia nzima waligundua kwamba ukizipasha zinafufuka. Zilifufuka, ndiyo, kwa wiki mbili, mwezi, kisha zikafa tena, kwa sababu ufa haukuwa kwenye lehemu ya chini inayoshika ubao. Ulikuwa ndani ya chipu yenyewe, kwenye vitone vidogo vinavyounganisha silikoni na kibao chake. Joto lilivibana kidogo tu. Chipu zile zimekwisha kupita na ugonjwa wake umepita, ila tiba imebaki mikononi mwa makanjanja, sasa wanaitumia kwa kila laptopu isiyoonyesha picha. Laptopu yako kwa kawaida inatoa picha kutoka kwenye prosesa ya Intel, na kilichoipata ni chai. Lehemu yake haijapasuka. Kuna sukari na maziwa vilivyokauka kati ya miguu ya vipuri na kupitisha umeme pasipotakiwa. Sukari ikipigwa nyuzi 300 inageuka masizi, na masizi nayo yanapitisha umeme. Huyo fundi atakuwa anaikaanga chai yako juu ya mazabodi.

Mchele nao hauna kazi hapo. Haunyonyi sukari, unaongeza vumbi la wanga. Na siku tatu zote hizo betri ilikuwa imeunganishwa: hata laptopu ikizimwa, kuna njia za umeme wa volti 3.3 na volti 5 zinazobaki hai kwenye ubao. Umeme ukipita kwenye unyevu wenye chumvichumvi na tindikali ya maziwa, shaba inaliwa. Ukiona ukungu wa kijani kwenye soketi, umetokana na huko. Kwa watu wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi hali ni mbaya zaidi, hewa ya bahari inamalizia kazi ambayo maji yameianza.

Kwa hiyo leo, kabla ya habari ya mnada: usichomeke chaja tena. Fungua skrubu za mfuniko wa chini, inua mfuniko kwa kipande cha plastiki (kadi ya zamani ya simu inatosha), chomoa waya wa betri kwenye mazabodi. Kisha toa hadi disiki au SSD (diski isiyozunguka). Nitairudia.

Sasa biashara yenyewe. Swali la nzima au spea mnaliuliza kana kwamba mnunuzi wa laptopu mbovu ni mtu anayetafuta laptopu ya kufanyia kazi. Huyo haji kwenye tangazo lako. Anayetoa dau ni fundi au muuza spea, mtu wa Kariakoo au wa Masasi mwenye 840 G3 tatu mbovu mezani, anayetaka kioo cha moja na mazabodi ya nyingine apate moja inayowaka. Ninyi wa Newala mnajua mnada kuliko watu wengi: mnunuzi wa korosho hatoi dau bila kujua mzigo ni daraja gani, na mzigo ambao haukuelezwa vizuri anaupigia bei ya kujikinga. Hapa ni vilevile. Usipoeleza ubovu, fundi anahesabu ubovu mbaya kuliko wote anaoujua na kukupa dau la huo.

Na mazabodi iliyopigwa moto anaitambua. Rangi ya kijani au nyeusi ya ubao imekuwa ya kahawia kuzunguka chipu, dawa ya kulehemu imeacha utelezi unaong'aa, plastiki ya soketi imevimba, pengine karatasi ya alumini imeacha alama. Mazabodi iliyokufa bila kuguswa bado ina thamani kwa chipu zake: ya chaji, ya BIOS (programu ya kuanzia ya kompyuta), ile inayosimamia kibodi na kuwasha. Ikishakaangwa, hata hizo hazina uhakika. Unalipa elfu 40 kushusha bei ya mali yako mwenyewe.

Jaribu kwa njia hii, mara moja tu. Nunua isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99, si spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, ile ina maji ndani yake. Kwa mswaki laini safisha pale penye doa, pande zote za ubao unazoweza kuzifikia, acha ikauke siku nzima. Chomoa RAM (kumbukumbu ya muda) na uirudishe. Unganisha kioo cha nje, laptopu hii ina tundu la VGA na la DisplayPort. Chomeka chaja bila betri, washa, na upige video. HP ikishindwa kuwaka mara nyingi humeta taa kwa hesabu maalumu, ndefu na fupi, na video hiyo kwa fundi anayejua kusoma hesabu ni sawa na cheti cha daktari. Ikionyesha picha kwenye kioo cha nje, ubovu uko kwenye kioo au mkanda wake wa waya, nawe una laptopu ya bei nyingine kabisa. Isipoonyesha kokote, chomoa, inatosha. Usiiwashe mara kumi kuwaonyesha majirani.

Kuhusu kuivunja, kaka yako ana haki nusu. Chai iliingilia kwenye kibodi, kwa hiyo sehemu ya chini ndiyo yenye mashaka. Kama kioo hakina ufa wala mistari, sehemu ya juu nzima (kioo, kava, bawaba na waya wake) huuzwa pamoja kama spea moja, na fundi anaipenda hivyo kwa sababu haihitaji kubandua kioo. RAM inauzwa peke yake kwa urahisi. Zilizobaki, yaani mazabodi, kibodi, feni na kava la chini, ziache pamoja kama mzigo mmoja. Ukizitenga utatangaza vitu sita, utatuma vifurushi sita, na nauli ya basi itakula faida ya vinne. Kama kioo kimepasuka, basi usivunje kitu, uza yote kwa pamoja.

Ukiuza spea, namba ndiyo mali. "Betri ya EliteBook 840" haimsaidii mtu: G1 na G2, matoleo ya kabla ya lako, zinatumia CM03XL, G3 yako inatumia CS03XL. RAM yako ni DDR4, ya G2 ni DDR3L, haziingiliani hata pengo la katikati limehama. Kioo kinatambulika kwa namba iliyobandikwa mgongoni mwake na idadi ya pini za mkanda, 30 au 40, na ubora wake, kwa mfano 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Piga picha ya kila lebo ukiwa nje kwenye kivuli, bila flashi. Picha ya kuokota mtandaoni inakuondolea wateja wote wenye akili na kukuachia wagomvi.

Tangazo liandikwe kama hivi, ukirekebisha kwa uliyoyaona na kuondoa utakachouza peke yake:

"HP EliteBook 840 G3, Core i5-6300U. Imemwagikiwa chai ya maziwa. Imefunguliwa mfuniko wa chini na kusafishwa kwa isopropili, HAIJAPIGWA MOTO. Ikichomekwa chaja taa inawaka, feni inazunguka na kuzima, haina picha kwenye kioo chake wala cha nje, angalia video. Kioo hakina ufa, hakijajaribiwa. RAM ya GB 8 ipo, haijajaribiwa. Betri CS03XL ipo, haijavimba, haijapimwa. Hadi disiki haipo. Nywila ya BIOS haipo. Inauzwa kwa spea."

Neno "haijajaribiwa" lina thamani yake, ukiandika "nzima" kwa kitu ambacho hukukijaribu umejifunga. Kwenye eBay, kwa mfano, kuna hali maalumu ya vitu vibovu vya spea, na mnunuzi akipokea kitu kisichofanana na maelezo hurudishiwa fedha hata kama muuzaji aliandika hapokei marejesho. Kwenye makundi ya WhatsApp hakuna sheria hiyo, kuna jina lako tu, na Newala si kubwa.

Suala la BIOS msilipite juujuu. EliteBook nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni ya nje na zimekuja na nywila ya msimamizi. Kuchomoa betri ndogo ya CMOS hakuiondoi kwenye aina hizi, aliyekwambia hivyo anakumbuka kompyuta za mezani za zamani. Kama ipo na huijui, iandike.

Hadi disiki. Msinitumie tena swali la "nimeformati, inatosha?" Formati ya haraka inafuta orodha tu, mafaili yamelala palepale, na programu za bure zinayarudisha. Kuanzia Windows Vista, formati kamili (ondoa alama kwenye formati ya haraka) ndiyo inayoandika sifuri kwenye diski nzima, na kwa diski ya kuzunguka hiyo inatosha. SSD inafutwa kwa programu ya mtengenezaji wake yenye amri ya kufuta kwa usalama. Wewe ni mwalimu, mwalimu: mna matokeo ya wanafunzi, namba za NIDA, pengine picha za vyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Diski yako inunulie kasha la USB la kuiwekea, ibaki kwako.

Mnada uweke masharti kabla ya dau la kwanza: bei ya kuanzia, dau linapanda kwa kiasi gani, linafungwa saa ngapi. Funga saa 3 usiku, siyo Ijumaa mchana watu wakiwa msikitini. Dau likitolewa ndani ya dakika 5 za mwisho, muda uongezeke dakika 5, hapo mvizia wa sekunde ya mwisho anakosa kazi. Kama una bei ambayo chini yake huuzi, iseme tangu mwanzo, kama wakulima wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) wanavyoweza kuikataa bei ya mnada. Ili kuijua hiyo bei, angalia vitu vilivyokwisha kuuzwa, achana na bei zinazoombwa. Kuomba hakugharimu kitu. Malipo yahakikishe kwa kuangalia salio kwenye menyu ya simu, kamwe usiamini ujumbe mfupi, maana huo mtu yeyote anaweza kuutunga.

Kabla ya kufunga mzigo, weka nukta ya rangi ya kucha kwenye mazabodi na upige picha ya namba zake za utambulisho (serial), ili asije mtu akakurudishia mazabodi yake mbovu zaidi. Kioo kisimame wima kati ya makadibodi mawili magumu, si kulala chini ya gunia la mtu kwa zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Betri ikiwa imevimba haipandi basi wala ndege wala posta, na haitobolewi "kutoa gesi" kama wanavyofanya wengine. Itenge nje, mbali na vitu vinavyoshika moto. Isiyovimba izibwe pini zake kwa selotepu.

Na kwa wengine mnaosoma ambao laptopu zenu zimeshapigwa moto na kuwaka: andikeni hivyo. "Imepigwa moto tarehe fulani, inawaka hadi leo." Dau litashuka, lakini atakayeinunua atajua amenunua nini, na ikizima wiki ijayo hatakuja mlangoni kwenu. Wewe mwalimu, hiyo elfu 40 nunua isopropili na kasha la USB.