Mgonjwa wa moto amevimba na mkojo hautoki: maji yapunguzwe?

Swali: Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Tulimpokea kijana wa kilo 70 aliyeungua kwa petroli asilimia 40 ya mwili, uso ukiwemo. Aliungua saa nane usiku, akatufikia saa kumi na moja alfajiri. Tulikokotoa maji ya dripu ya Ringer kwa mililita 2 kwa kilo kwa kila asilimia iliyoungua, tukapata lita 5.6 za saa 24. Nusu tukaigawa kwa saa nane tangu alipofika. Ilipofika saa tatu asubuhi alikuwa amevimba hata macho hayafunguki, na mkojo ni mililita 15 tu kwa saa. Mwenzangu mmoja alitaka apewe Lasix, dawa ya kuongeza mkojo, mwingine maji yapunguzwe. Baadaye alipewa rufaa. Nani alikuwa sahihi?

Jibu: Pole kwa usiku huo. Wote wawili walikosea, ingawa hofu yao naielewa: mtu anafura mbele ya macho yako na bado unamtundikia chupa nyingine. Lakini maji yaliyomvimbisha yametoka kwenye mishipa yake ya damu. Mtu akiungua eneo kubwa hivyo, kuta za mishipa midogo hulegea mwili mzima, hata pale ambapo moto haukugusa, na maji pamoja na protini huvujia kwenye nyama. Huvuja kwa kasi zaidi katika saa 12 za mwanzo. Kijana wenu alikuwa amejaa nje, amekauka ndani. Lasix ingekamua kile kidogo kilichobaki, tena ingewaharibia kipimo, maana mkojo uliolazimishwa na dawa hauwaambii kama damu inafika kwenye figo.

Kosa lilianzia kwenye saa. Zile saa nane za kuingiza nusu ya kwanza huhesabiwa tangu mtu alipoungua, si tangu alipopita mlango wa mapokezi. Zake zilikuwa zinaisha saa nne asubuhi. Alipofika zilibaki tano, kwa hiyo lita 2.8 zilitakiwa ziingie kwa mililita 560 kwa saa. Ninyi mlimpa 350. Kufikia saa tatu alikuwa anadai zaidi ya mililita 800.

Hesabu hiyo hata hivyo ni ya kuanzia tu. Kanuni ya Parkland, ya mililita 4 kwa kilo kwa kila asilimia, imetumika tangu miaka ya 1960, na wengi tumewazidishia watu maji kwayo hadi tumbo likakaza na mapafu yakajaa. Ndiyo sababu siku hizi kwa mtu mzima aliyeungua kwa moto tunaanzia 2. Ukishaanza, fuata mkojo: mililita 30 hadi 50 kwa saa kwa mtu mzima, na kwa mtoto mdogo mililita 1 kwa kilo. Ukipungua, ongeza dripu kwa takriban robo, usubiri saa moja, usome tena. Ukizidi, punguza vivyo hivyo, wala usione raha kuuona mwingi. Maji ya mkupuo, yaani mengi kwa mara moja, mpe tu presha ikianguka.

Alama za kwenye mfuko wa mkojo msiziamini kwa vipimo vidogo hivi. Kila saa mwageni mfuko kwenye chombo safi, mvute kwa bomba la sindano la mililita 50, mwandike. Na mnapokadiria eneo, ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila malengelenge haihesabiwi.

Hukuniuliza kuhusu uso, na mimi ndio ulionitisha zaidi. Sauti ikikwaruza, masizi yakiwa kwenye makohozi, vinyweleo vya pua vikiwa vimeungua, mtafuteni mtaalamu wa dawa ya usingizi amwekee mpira wa kupumulia mapema, mgonjwa angali anaongea. Ndugu watalalamika: "Mbona alikuwa anazungumza vizuri?" Waelezeni kwamba koo nalo linavimba kama macho yalivyovimba, na likishaziba mpira haupiti. Hili lifanyike kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Kichwa kiinuliwe njiani, afunikwe apate joto, na kwenye barua ya rufaa iandikwe saa aliyoungua, jumla ya maji aliyopewa na mkojo wa kila saa.