Kasha la mbao la maua ya mezani: maswali yenu

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu yale makasha ya mbao yenye mpini, yanayopangwa chupa za maua na kuwekwa katikati ya meza ukumbini. Nimechagua machache.

Shikamoo. Niko kwenye kamati ya sendoff, eneo la Sakina, Arusha. Tuna meza 20 na tunataka kutengeneza makasha wenyewe. Tununue mbao gani, na ngapi?

Marahaba, mwanangu. Chukueni paina au saipresi ya inchi 1 kwa 4, urefu wa futi 12. Ni mbao nyepesi, zinakatika vizuri kwa msumeno wa mkono, na huku kwetu hazisumbui kupatikana kwa sababu zinapandwa West Kilimanjaro na kwenye miteremko ya Meru. Mkaratusi uacheni. Ukikauka unapinda na kupasuka, na kasha lililopinda halikai sawa mezani.

Kabla ya kugusa msumeno, wekeni chupa mezani mzipime. Chupa tatu za jamu zenye upana wa inchi 3 zinahitaji nafasi ya inchi 10 kwa ndani. Kwa hiyo kitako ni inchi 10, mbavu mbili ni inchi 12 kila mmoja, na vichwa viwili ni inchi 10 kila kimoja, vikisimama wima ili vishike mpini. Jumla ni inchi 54, yaani futi 4 na nusu. Ubao mmoja unatoa makasha mawili na kubakiza kipande cha karibu futi 3. Vipande hivyo msivitupe! Viwili vinatoa kasha lingine: kimoja mbavu mbili na kitako, cha pili vichwa. Ukipiga hesabu hivyo, mbao 8 zinatosha makasha 20. Nunueni 9, maana hamtakosa fundo baya au ncha iliyopasuka.

Angalieni pia unene. Ubao unaouzwa kwa jina la inchi 1 mara nyingi haufiki. Pimeni unene wenyewe, zidisheni kwa mbili, jumlisheni na 10: huo ndio urefu wa ubavu wenu. Mpini ni mti wa fagio tu, unapita kwenye matundu juu ya vichwa. Na maua yasipande zaidi ya inchi 12 kutoka mezani. Wageni wamekuja kuonana.

Nikipigilia msumari karibu na ncha, ubao unapasuka. Nifanyeje? (Majengo, Moshi)

Toboa kwanza kwa drili, tundu jembamba kuliko msumari. Huna drili? Geuza msumari, gonga ncha yake kwa nyundo mpaka iwe butu, halafu pigilia. Ncha kali inatanua nyuzi za mbao, butu inazikata. Misumari ya inchi 2 inatosha, na gundi ya mbao isikosekane.

Mbao zangu ni mpya na zinang'aa. Nataka zionekane za zamani, kama za boma la babu. (Tengeru)

Hili nalipenda kuliko yote, na halihitaji rangi ya dukani. Chukua stilwaya ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu, uiloweke kwenye siki usiku kucha. Chombo usikifunge kabisa, kwa sababu kinatoa gesi. Kesho yake chemsha majani ya chai, mengi, mpaka yawe meusi. Paka chai kwanza ubao mzima, uache ukauke, kisha paka ile siki. Rangi haitokei hapo hapo. Ubao unaanza kufifia taratibu, njano ya paina inaondoka, na baada ya muda unabaki kijivu kama uliokaa mvuani miaka mingi. Siki yenye chuma inakutana na tanini, yaani ule ukakasi wa chai, na paina yenyewe ina tanini chache, ndiyo maana ukiruka chai utapata rangi hafifu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Msasa pitisha kidogo tu, kwenye kona na pale mikono inaposhika. Alama za msumeno ziache. Ukipiga randa kila mahali umeondoa uzuri wote uliokuwa unautafuta.

Nimepata paleti za bure. Zinafaa? (Njiro)

Tafuta muhuri. Ukiona HT, mbao zilitibiwa kwa joto, tumia. Ukiona MB, zilipigwa dawa ya methyl bromide, ziache. Paleti isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta na kemikali, isifike kwenye meza ya chakula.

Bwana harusi ni Mchaga. Naweza kujazia majani ya masale kati ya waridi? (Kibosho)

Jani lenyewe linadumu sana kwenye maji na rangi yake inapendeza. Lakini dada, kwa Wachaga sale ni neno zito. Ndilo linalopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ndilo linalopelekwa mtu anapokwenda kuomba msamaha. Ukilisambaza meza 20 kama majani ya kujazia, kuna wazee watakaoketi pale na kujiuliza nani amekosana na nani. Waulize wazee wa upande wa bwana harusi kwanza. Wakikubali, ningeliweka meza kuu peke yake, na msemaji wa familia aseme limewekwa kwa nia gani. Wakisita, tumia fern. Na lolote litakaloamuliwa, usikate kwenye mpaka wa jirani.

Sponji ya maua ni lazima? (Usa River)

Hapana. Ni plastiki, haiozi, na ukimaliza sherehe ni takataka. Kunja kipande cha waya wa kuku, kitumbukize ndani ya chupa, mashina yatasimama. Kata mashina mshazari, ondoa majani yote yatakayozama, na maji yabadilishwe kila siku.

Maua ya jakaranda je? Mji mzima umejaa. (Arusha)

Yanapukutika muda mfupi baada ya kukatwa. Tumia waridi.